Raba Iliyokufa kwa Mafuta ya Chisense

Mukija kwangu kisha chakula cha muchana, muniache kwanza nilale. Nimesema neno hilo mara mingi na hamulisikii. Mimi si fundi tena. Mikono inatetemeka, macho yanaona ukungu, na ule wembe wangu wa kukatia raba bibi yangu, muke niliyemuoa, aliuficha, sababu mara ya mwisho nilijikata kidole nikachafua raketi ya mutu kwa damu. Lakini kila juma mujana mumoja anatoka sokoni ao anatoka kule kambini kwa wakimbizi, raketi yake katika mufuko wa plastiki, simu katika mukono wa pili. Ananionyesha Muchina anayeruka sawa panzi. Ananiambia, papa, mimi nataka raba kama ya huyu. Basi nimeamua kusema yote mara moja, ninyi muyashike, kisha muniache na usingizi wangu.

Kwa yule asiyejua: raba ni ile ngozi nyekundu na nyeusi inayobandikwa juu ya mbao ya raketi ya ping-pong. Chini yake kuna sponji, nene ao nyembamba. Mbao inashika mukono wako, lakini raba ndiyo inashika mupira. Inauzungusha, inautuma mbali, ao inauua palepale. Watu wa hapa Nchelenge waliniita Papa Kole, juu ya vile kwetu Kongo gundi tunaiita kole, na mimi maisha yangu yote nilinuka kole. Nilibandika raba Lubumbashi nikiwa kijana. Nikabandika Kilwa, ile yetu ya Kongo kando ya ziwa Mweru, nikiwa bwana wa nyumba. Vita ilipotuvusha ziwa nikabandika hapa, chini ya bati nyuma ya nyumba yetu, penye meza moja ya mbao iliyopinda upande wa kushoto. Wachezaji wa hapa wanaujua ule upande. Wageni wanashindwa pale, na mimi sijawahi kuwaonya.

Bon. Turudi kwa yule Muchina wa simu. Yeye anacheza kutoka asubuhi mpaka jua linazama. Ana mutu wa kumupikia na mutu wa kumukanda miguu. Wewe unatoka kubeba mifuko ya unga kivukoni, mabega yamekufa, halafu unataka raba yake. Raba ile ina haraka. Sponji yake nene inasukuma mupira hata kama wewe mwenyewe bado hujaamua. Ukiugusa kidogo tu, mupira unakwenda mbali mpaka Chienge, na wewe unaangalia raketi sawa vile imekutukana.

Wengi wananiambia, papa, mimi napenda kushambulia. Ndiyo, najua. Kila mujana anapenda kushambulia. Sijaona hata mumoja aliyekuja hapa na kusema, papa, mimi napenda kusukuma mupira polepole. Kwa hiyo mimi siulizi mutu anapenda nini. Ninamukalisha pale kwa meza acheze na mutu anayemushinda. Ninangoja achoke. Ninangoja apoteze seti ya kwanza, na yule musichana aliyekuja naye aanze kuangalia upande mwingine. Wakati ule mukono unasema kweli. Kuna mutu akiogopa anapiga kwa nguvu zaidi. Huyo umupe raba laini yenye sponji nene, hata kama ana sura ya upole kama katekista. Kuna mwingine akiogopa anarudi nyuma, anakata mupira chini chini, anangoja mwenzake akosee. Huyo ni mulinzi, na kinywa chake kiseme kinachotaka. Umupe sponji nyembamba, ao umupe raba ya vipele virefu, ile yenye meno sawa kitana, inayorudisha mupira umegeuka. Atalia siku ya kwanza. Siku ya pili wenzake ndio watalia.

Na yule anayekaa karibu na meza, mukono wake mufupi, anapiga paa paa bila kuzungusha? Vipele vifupi. Na yule ambaye ujanja wake wote uko katika kuanzisha mupira, akiuzungusha hata mwenyewe hajui utaangukia wapi? Raba ya kunata. Lakini raba ya kunata hapa kando ya ziwa ni mateso, juu inakamata vumbi na vile vidudu vya ziwa vinavyokuja kama moshi. Mutu mumoja alicheza seti nzima na vidudu katika raketi, anavipangusa kwa suruali. Mimi niliacha kuzibandika zile katika majira ya vidudu, na waliokasirika walikasirika.

Maneno haya sikuyazaa mimi. Kule Lubumbashi, katika sale, ile nyumba ya muchezo ya kompani moja ya mugodi, kulikuwa muzee aliyeitwa Numbi. Kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua mulango, lakini yeye ndiye aliyebandika raba za wakubwa wote. Kusifu mutu hakujua kabisa. Ukifanya vizuri alikohoa. Ukifanya vibaya alikohoa vilevile, lakini akikuangalia. Mimi nilikuwa kijana mwenye majivuno, na nilitaka raba nyekundu mupya ambayo muzungu mumoja aliiacha. Muzee Numbi akanipa mbao tupu. Hakuna raba, hakuna kitu. Tena alichukua masizi ya chini ya sufuria akaipaka ile mbao yote, ikawa nyeusi, akaniambia nicheze.

Nilicheza, watu wananicheka, mupira unalia ko ko ko sawa mutu anayepiga hodi. Nilipomaliza, muzee akaigeuza mbao katika mwangaza. Kila mahali mupira uligonga, masizi yalikuwa yametoka. Alama zangu zote zilikuwa chini, karibu na mushiko, zimekusanyika pamoja. Akaniambia, wewe unaogopa kunyoosha mukono, unataka mupira ukufikie nyumbani. Mimi nilijiona mushambuliaji mukubwa wa Katanga yote. Ile mbao ilisema mengine, na nilikasirika siku mingi. Kisha akanibandikia sponji nyembamba, raba ya upole, na nikaanza kushinda watu. Masizi ya sufuria nimeyatumia mpaka nilipoacha kazi. Hakuna mashine inayopita pale.

Kubandika nako kuna akili yake. Pakaa kole nyembamba kwa mbao, pakaa kwa sponji, kisha ngoja. Vijana hawajui kungoja. Kole ikiwa nyeupe haijawa tayari. Ingoje mpaka inageuka angavu kama maji na kidole hakilowani. Weka raba kuanzia kwa mushiko, ipande juu polepole, ukiviringisha chupa ya soda juu yake ili hewa itoke. Usiivute. Raba ukiivuta leo, kesho inajivuta kurudi, na mbao inabaki uchi pembeni. Kisha chukua wembe mupya, geuza raketi, ukate ukifuata mbao, bila kuinua mukono.

Wakati kole ya kweli ilikosekana, nilitumia ile ya kuzibia matairi ya baiskeli. Nilimubandikia mwalimu mumoja, mutu wa heshima. Raba ikavimba sawa mukate. Nikaogopa, lakini yeye akarudi anacheka, juu kwa siku chache mupira wake ulikuwa unakimbia hata watu hawauone, alishinda kila mutu. Akanisifu mbele ya watu. Siku iliyofuata, akianzisha mupira, raba ikabanduka yote, ikaruka peke yake, ikamuangukia mama mumoja kifuani. Mupira ulibaki mukononi mwa mwalimu. Tangu pale watu waliniuliza kama raba zangu zina mabawa.

Sasa nitasema juu ya bibi yangu, sababu bila yeye haya mengine yote ni maneno ya dukani.

Jina lake ni Feza. Kule Kilwa, kwa meza ya parokia, hakuna mwanamuke aliyepiga kama Feza, na wanaume waliokubali kucheza naye walikuwa wachache, juu hawakutaka kushindwa mbele ya watu. Mimi nilikubali. Nilishindwa, nikarudi, nikashindwa tena, na watu walisema yule fundi wa kole hana haya. Mwisho nilimuoa. Alipiga kutoka juu, mukono wote, kutoka begani. Mimi ndiye niliyemubandikia raba: ya haraka, sponji nene kupita zote. Ilimufaa. Sikuona tena katika maisha yangu raba na mukono vinavyosikilizana namna ile.

Siku tulivuka, mutumbwi ulikuwa umejaa watu na mizigo. Tulipofika upande huu, ukasukumwa na mawimbi kwenda kwa nguzo ya kivuko. Feza akaweka mukono wa kulia mbele, ule wa kupigia, ili watoto wa watu wasigongwe. Mutumbwi ukaubana mukono ule kwa nguzo. Mufupa ulivunjika kwa kiwiko, na kwa fujo ya siku zile ulifungwa vibaya, ukapona umepinda. Mpaka leo haupandi juu ya kifua. Hawezi kuchana nywele zake nao.

Hakulia sana. Ningependa angelia. Alijifunza kugeuza ugali kwa mukono wa kushoto, kufua kwa mukono wa kushoto, kisha akaingia katika kazi ya chisense, vile visamaki vidogo vya Mweru tunavyoanika juani. Lakini muchezo aliuacha. Kisha akaacha kwaya, juu pale wanapiga makofi. Kisha akaacha kwenda kwa majirani. Watu wa kanisa walikuja na maneno ya kutuliza, wakamuambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Feza aliwapa chai, akawauliza kama kati yao kuna mutu aliyevunjikiwa na koleo. Hawakurudi tena. Jioni alikaa nyuma ya nyumba, ameangalia ukuta, na mimi nikiongea naye alijibu ndiyo, ao hapana. Niliogopa. Nilikuwa ninamupoteza bibi yangu, na yuko palepale, ninamusikia akipumua, na sikujua nimushike wapi.

Mimi ninajua kazi moja tu. Kwa hiyo nilifanya ile kazi. Kila wakati raba nzuri ilipofika kutoka Lubumbashi, katika mizigo ya mama mumoja muchuuzi, ile ya haraka kupita zote niliiweka pembeni. Niliichukua raketi ya Feza, nikabandua ya zamani, nikabandika mupya. Raba inakufa hata kama hakuna mutu anayeitumia; joto na hewa vinaikausha. Basi nilibadilisha, na nilibadilisha tena, nikaifunga katika kitambaa na kuiweka juu ya kabati, mahali ataiona. Yeye alipangusa vumbi la kabati, aliinua raketi, akapangusa chini yake, akairudisha. Hata kitambaa hakukifungua. Vijana walinung'unika, papa, zile nzuri unamupa nani? Niliwajibu wafanye yao.

Wakati ule alikuwako kijana mumoja Mubemba, Mwansa. Alifanya kazi ya kuanika chisense kando ya ziwa, kutoka jua linapotoka. Mushambuliaji wa kweli huyo, mupira wake ulizunguka mpaka unalia. Nilimubandikia raba laini, nzuri. Kisha siku chache akarudi. "Awe, bashikulu," akaniambia, maana yake hapana, babu, "hii uliyonipa ni ya zamani." Nikapitisha mupira juu ya raba: ukateleza sawa juu ya kioo. Nikamubandikia nyingine. Ikafa nayo. Na ya tatu.

Nilimushitaki yule mama muchuuzi kwamba ananiletea takataka, akakasirika, na alikuwa na haki. Nilibadilisha kole. Nilisema ni jua. Nilisema ni unyevu wa ziwa. Nilimufundisha Mwansa kuosha raba kwa maji safi na kitambaa, wala si kwa mate, na yeye akanijibu kwa heshima zote kwamba anaiosha kupita anavyoosha uso. Vijana wengine nao walianza kuleta raketi zilizokufa. Wakaanza kusema Papa Kole amezeeka. Neno lile lilinichoma, juu nilikuwa nimeanza kulisema mwenyewe.

Siku ya posho, ni kusema Jumamosi, Mwansa aliacha raketi yake juu ya benchi akaenda kunywa maji. Paka wa jirani akaja. Akaikamata kwa kucha, akaanza kuilamba. Analamba raba, macho amefunga, anasikia utamu. Nilimufukuza kwa kiatu. Akarudi. Nikamufukuza tena, na pale nikasikia sauti nyuma yangu.

Feza alikuwa amekaa chini anachambua chisense, kama kila siku. Alisema, "Nusa ile raketi."

Tangu tulivuka hakuwa amesema neno hata moja juu ya ping-pong. Nilisimama nikimuangalia yeye, si raketi. Akasema tena ninuse. Nikanusa. Ilikuwa chisense yenyewe, sawa mutu ameingiza pua katika gunia.

Ninyi munajua muchezaji anavyofanya kati ya mupira na mupira. Anapumulia raba, haa, kisha anaipangusa kwa kiganja. Wote tunafanya, hatujui hata kama tunafanya. Na kiganja cha Mwansa kilikuwa kimeshinda kikigeuza chisense juani. Yale mafuta hayatoki kwa maji. Kila alipopangusa raba aione safi, alikuwa anaipaka mafuta ya samaki. Hapa Nchelenge nusu ya wachezaji wangu wanaishi kwa chisense, na mimi nilikuwa natafuta mwizi Lubumbashi. Feza alinieleza yote bila kuinua kichwa, sauti yake kavu, akamaliza kwa kuniuliza mimi ni fundi wa namna gani. Paka alijua mbele yangu. Mukono mutupu haulambwi, na raba vilevile.

Basi muliweke hili katika kichwa: osha mikono kwa majivu na sabuni mbele ya kushika raketi, na upangusie kitambaa, wala si kiganja. Ukitoka kuanika samaki, fanya mara mbili. Mwansa alianza kufanya hivyo na raba zake zikaishi. Mama muchuuzi nilimuomba musamaha, akanisamehe baada ya kunitukana kidogo.

Lakini siku ile ile ya paka, nilibandua raba ya Mwansa iliyokufa nimubandikie nyingine. Alipokwenda, nikaibeba kuipeleka kwa shimo la takataka.

"Usiitupe," Feza akasema.

Nikamuuliza anaitakia nini. Akasema niibandike kwa raketi yake. Nilifikiri hajui anachosema. Nikamuambia kwa upole, kama unavyoongea na mugonjwa, kwamba raba hii imekufa, na ya kwake iko juu ya kabati, mupya, haijaguswa.

Akaacha chisense. Akapangusa mikono yote miwili kwa kikwembe alichojifunga kiunoni, ule muzima na ule uliopinda. "Ile si yangu," akasema. "Ile ni ya yule mwanamuke aliyebaki Kilwa. Yeye unamubandikia raba kila wakati. Mimi niko hapa."

Miaka ile yote nilikuwa ninawaambia wateja, ninachagua kwa mukono ninaouona, sichagui kwa mukono unaoutaka. Na nyumbani nilikuwa na mukono mbele yangu kila asubuhi, unaniwekea chai mezani. Nilirudia lile lile. Nikasema, "Lakini hii imekufa, Feza."

"Na huu mukono? Unangoja nini kuutupa?"

Nilikaa chini kwa benchi. Kisha nikainuka, nikaenda kuchukua raketi juu ya kabati, nikafungua kitambaa, nikabandua ile raba ya haraka. Ilitoka yote mara moja, nzima, haikuwa imepiga hata mupira mumoja. Nilikwangua mbao. Nikapakaa kole, nikangoja, na machozi yalinitoka. Feza akaniuliza kuna nini. Nikamuambia ni kole, inachoma macho. Akasema leo ndiyo ameanza kusikia kwamba kole inachoma macho ya fundi. Tulikuwa tunaongea. Munasikia? Nilikuwa ninalia na tulikuwa tunaongea.

Raba ya Mwansa niliiweka upande mumoja. Halafu nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza tangu tulivuka: upande wa pili anataka nini? Akafikiri. Akakunja mukono wake, akaukunjua mpaka pale unapokataa, akausogeza mbele kidogo, akaurudisha. Akasema laini, ya polepole, sponji nyembamba. Nilikuwa nayo. Ningechagua ileile, kama ningeangalia.

Niwaeleze raba iliyokufa inafanya nini, musije kusema muzee anatunga. Raba nzima inakamata mupira na kuuzungusha upya. Iliyokufa haikamati. Mupira unakuja na muzunguko wote ulioutia wewe, unateleza, unarudi nao kwako, kinyume. Ukipiga kwa nguvu, nguvu yako inakurudia wewe. Anayeishika hana lazima ya kuwa na bega. Anahitaji jicho, na kujua kusimama. Kwa mashindano ya mujini Mansa mwamuzi angeikataa ile raba, juu iliingia mafuta, na angekuwa na haki. Mukitaka kitu kama hicho kwa mashindano, kuna raba zinazotengenezwa zisikamate mupira, ziagizeni hizo. Meza yangu ilikuwa haina mwamuzi.

Kesho yake, kisha misa, tulikuwa peke yetu. Feza akavua viatu. Akasimama karibu na meza, karibu kupita alivyosimama zamani, kiwiko amekibana kwa mbavu, raketi mbele ya kifua sawa mutu anayeshika kioo cha kujitazamia. Nilimuona namna ile na roho yangu ikaanguka. Nilikumbuka yule mwingine wa Kilwa, mukono juu, nikajilaumu kwa kumukumbuka.

Nikaanzisha mupira polepole. Akaurudisha. Nikautuma tena, polepole, katikati ya meza, juu kidogo, vile unavyomuchezea mutoto. Akaurudisha. Tukaendelea vile, tok, tok, na mimi nilikuwa na furaha, sitaficha, nilifikiri hii inatosha, Mungu asifiwe, tutacheza hivi mpaka tufe. Nikamuachia pointi. Nikamuachia nyingine.

Akaushika mupira kwa mukono wa kushoto. Akaweka raketi juu ya meza. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira, na mimi sikuwa nimeuona na hasira wala na kitu kingine chochote kwa muda mrefu sana.

"Piga," akasema. "Mimi sikuolewa na mutu wa kunihurumia. Piga sawa vile ulipiga Kilwa, ao niende ndani nipike."

Nikamuambia mukono wake. Akasema mukono ni wake, si wangu, yeye ndiye anautunza. Akanirushia mupira na akachukua raketi.

Basi, watoto wangu, nilipiga. Nilianzisha, akausukuma, ukaja juu kidogo kwa upande wangu wa kulia, mupira ambao mutu hausamehe, na nikapiga kwa kiuno, kwa bega, kwa muguu, kwa uchungu wa miaka yote, nikaupiga mupira ule kwa kifua cha bibi yangu. Hakurudi nyuma. Hakufumba macho. Alisogeza kiwiko kidogo tu, raba iliyokufa mbele.

Mupira ukarudi.